Mtoto Huyu Hasikii

Mafungu ya kusoma: 1 Samweli 15:10–31, 2 Samweli 12:1–18, 2 Samweli 16:5–13, Matendo ya Mitume 18:24–28.



Mhariri ameniomba niandike somo juu ya kukosolewa, yaani jinsi impasavyo mtu kuyapokea maneno anapoambiwa kwamba amekosea. Sijui kama alinichagua kwa kuwa nilikuwa mwalimu, au kwa kuwa aliona katika mkutano wa mwaka jana jinsi nilivyoruka kitini nilipoambiwa kwamba taarifa yangu ni ndefu mno. Vyovyote iwavyo, nimekubali. Nawaombeni mfungue Biblia zenu na kuyasoma mafungu yaliyotajwa hapo juu, maana hapa nitayasimulia kwa maneno yangu tu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Mwaka 1982 nilikuwa nimetimiza miaka mitatu kazini. Nilifundisha Darasa la Tatu, watoto 64 katika chumba kimoja, na madawati yalikuwa machache hata wengine walikaa sakafuni. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja aliyekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nikimwuliza swali hajibu, au hujibu swali jingine ambalo sikumwuliza. Nikiwaambia watoto wafungue ukurasa fulani, yeye hutazama kwanza kitabu cha mwenzake. Nilimhesabu kuwa mkaidi. Nilimchapa mara nyingi, na katika taarifa ya muhula niliyompelekea mzazi wake niliandika maneno matatu: "Mtoto huyu hasikii."

Siku moja, katikati ya kipindi cha hesabu, mama yake akaja akasimama mlangoni. Alikuwa mwuza vitumbua, na sinia lake alikuwa nalo mkononi. Hakupiga hodi. Akasema kwa sauti, darasa zima likimsikiliza: "Mwalimu, kwa nini unamchapa mwanangu? Mtoto huyu hasikii!" Nami nikamjibu pale pale: "Ndiyo sababu namchapa, mama. Kwa kuwa hasikii." Watoto wakacheka. Mama yule akanitazama kidogo, kisha akageuka akaenda zake. Nikaendelea na hesabu za kugawanya, nikijiona nimeshinda.

Bila shaka mmekwisha kuelewa, ndugu zangu, jambo ambalo mimi mwenye cheti cha ualimu sikulielewa. Mimi nilisema "hasikii" kwa maana ya kwamba hatii. Yeye alisema "hasikii" kwa maana ya kwamba masikio yake ni mabovu. Lugha yetu imeyaweka mambo hayo mawili ndani ya neno moja, na siku ile niliyekuwa sisikii, kwa maana zote mbili, ni mimi.

Kwa nini sikusikia? Nimejiuliza swali hili kwa zaidi ya miaka arobaini. Maneno yenyewe hayakuwa magumu. Ila wakati mama yule anazungumza, mimi nilikuwa na shughuli nyingine moyoni. Nilikuwa nahesabu makosa yake. Kwanza hakupiga hodi. Pili amesema mbele ya wanafunzi wangu. Tatu hakupitia ofisini kwa mwalimu mkuu kama ilivyokuwa desturi. Nne, nami naona haya kuliandika hili, alikuwa mwuza vitumbua asiyekwenda shule, naye anamfundisha mwalimu kazi. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimekwisha kupata makosa manne ya kwake, na moyoni hapakubaki nafasi ya kosa moja la kwangu.

Basi hili ndilo somo letu. Neno la kukosolewa halimfikii mtu peke yake. Huja na vitu vingine viwili: kinywa kilicholileta, na namna lilivyoletwa. Sisi aghalabu hukijibu kinywa, "Wewe nani unayenisema mimi?", au huijibu namna, "Ungeniambia kwa adabu ningekusikia." Lile neno lenyewe hubaki limesimama mlangoni na sinia lake, halijajibiwa na mtu.

Angalieni mambo ya mtaa wetu. Mhazini akiombwa aonyeshe stakabadhi za mbao zilizonunuliwa, hasikii kwamba stakabadhi zatakiwa. Asikia kwamba ameitwa mwizi. Mwalimu wa kwaya akiambiwa kwamba nyimbo zimeanzishwa juu mno hata wazee hawawezi kuzifuata, Jumapili inayofuata haonekani. Na sisi tuliostaafu tusijifanye wema, maana mtu aliyesahihisha madaftari ya wengine kwa wino mwekundu miaka thelathini na tisa huwa hapendi hata kidogo kuuona wino huo katika daftari lake. Mkuki kwa nguruwe, walisema wazee.

Sasa tumtazame Mfalme Sauli. Vita vile vya Waamaleki vina maswali yake mazito, nayo si ya somo hili. Tutazame tu jinsi alivyojibu alipokosolewa. Alikuwa ameagizwa asibakize nyara yoyote, naye akabakiza kondoo na ng'ombe walio wazuri. Samweli alipofika, Sauli alimtangulia kwa salamu za baraka na kusema kwamba kazi imekamilika yote kama ilivyoagizwa. Samweli hakumkaripia. Aliuliza tu ni sauti gani hiyo ya kondoo anayoisikia. Hebu fikirini aibu ile: ushahidi unalia nyuma ya boma!

Sauli akatoa majibu manne, na mtu aliyepata kusimamia vijana atayatambua yote. La kwanza: si mimi, ni watu. La pili: hata hivyo nia yetu ilikuwa njema, tulitaka kutoa sadaka. La tatu, alipobanwa zaidi: lakini mimi nilitii, sehemu kubwa niliifanya. La nne ndilo lililo bora, alipokiri kwamba amekosa kwa kuwaogopa watu. Tungetazamia mambo yaishe hapo. Lakini soma mstari wa 30. Mara tu baada ya kukiri, anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Kumbe hata maungamo yake yalikuwa ya kulinda cheo. Kilichomwuma si kosa. Kilichomwuma ni kwamba watu wangejua.

Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi baadaye, na kila mwaka tulikwenda mashuleni kuwatazama wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi hukaa nyuma ya darasa na karatasi yake. Kipindi kikiisha, hutoka nje na mwanachuo, aghalabu chini ya mwembe, na kumwambia aliyoyaona. Hapo niliwaona akina Sauli wengi. Kuna aliyesema kwamba chaki zilikuwa zimekwisha. Kuna aliyesema kwamba darasa hili ni zito, lingekuwa lile jingine ningeona. Kuna waliolia, na hao sikuwaogopa. Machozi hukauka, na kesho yake mtu huja na andalio la somo lililo bora.

Niliowaogopa ni wale waliosema "Ndiyo, mwalimu" kwa kila jambo. Nikimwambia hukuandika tarehe ubaoni: ndiyo, mwalimu. Nikimwambia uliwauliza wavulana tu: ndiyo, mwalimu, asante sana, mwalimu. Nikirudi wiki ya pili nakuta hajabadili hata nukta moja. Huyo amejenga ukuta wa adabu, na maneno yote huugonga na kuanguka chini. Kukubali haraka mno ni njia nzuri sana ya kutokusikia, na sisi watu tuliolelewa kwa heshima twaijua sana njia hiyo. Mtoto wa Kiafrika hufundishwa asimjibu mkubwa. Vema. Lakini asipofundishwa pia kulichukua lile neno na kwenda kulifanyia kazi, amefundishwa kunyamaza tu.

Mmoja namkumbuka kwa uzuri. Alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti ya kasi. Nilimwambia kwamba anazungumza mno darasani, hawaachii watoto nafasi. Niliona uso wake umebadilika, neno lilimchoma. Akanyamaza kidogo. Kisha akafungua kidaftari chake akasema, "Mwalimu, naomba mfano mmoja. Ni wapi ilinipasa ninyamaze?" Swali lile lilinitaabisha mimi, maana ilinibidi nirudie maandishi yangu na kutafuta. Nikamwonyesha: ulipouliza kwa nini mihogo hustahimili ukame, ulijibu mwenyewe kabla mtoto hajanyosha kidole. Akaandika. Wiki iliyofuata nilimkuta ameweka saa yake mezani, na kila akiuliza swali alihesabu polepole moyoni hadi tano ndipo amtaje mtoto wa kujibu.

Hakujua kwamba alikuwa amegundua jambo ambalo wataalamu walikwisha kulichunguza. Mama mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi baada ya kuuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakizoea kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto huwa marefu zaidi na yenye fikira zaidi. Jambo hili laonekana dogo, lakini jaribuni. Sekunde tatu za kunyamaza ni ndefu kuliko mnavyodhani. Nami nashauri kwamba kipimo hicho hicho kitufae sisi tunapokosolewa. Mimi kwa yule mama wa vitumbua sikusubiri hata sekunde moja. Kama ningehesabu hadi tatu, huenda lile neno "hasikii" lingegeuka kichwani na kunionyesha uso wake wa pili.

Turudi kwenye Maandiko. Nathani alipokwenda kwa Mfalme Daudi, hakwenda kwa mtu mpole. Huyu ni mtu aliyekwisha kumfanya Uria auawe ili kuficha aibu, na mtu aliyeua mara moja kwa kuficha aweza kuua mara ya pili. Nathani akatumia hekima, akamsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akaghadhibika na kumhukumu yule tajiri, ndipo akaambiwa kwamba tajiri ndiye yeye. Jibu lake lilikuwa kukiri kwa maneno machache sana. Hakumtaja mwanamke. Hakusema vita vilikuwa vimemchosha. Hakumwuliza Nathani ni nani aliyempa habari, jambo ambalo sisi huliuliza la kwanza kabisa! Tukikosolewa huwinda aliyepeleka neno, kana kwamba tukimpata kosa litafutika.

Na msidhani Daudi alipokiri mambo yakawa mepesi. Mtoto alikufa. Wako wanaokubali makosa kwa kutumaini kwamba wakikubali hawatalipa chochote, na wakitozwa hulalamika: "Si nimekwisha kuomba radhi?" Mtu aliyeivunja sahani ya jirani huomba radhi, kisha hununua sahani.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni kile cha Shimei, maana Nathani alikuwa nabii, na nani hatamsikia nabii? Shimei alikuwa mtu wa matusi. Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu, hana kiti wala jeshi la kutosha, na huyu bwana anatembea kandokando ya mlima akimtupia mawe na mavumbi na kumwita mtu wa damu, eti damu ya nyumba ya Sauli. Abishai akaomba ruhusa aende akamkate kichwa. Daudi akakataa, akasema aachwe, huenda Bwana ndiye aliyemwagiza.

Tafakarini hapo. Shutuma ile, kwa jinsi ilivyosemwa, haikuwa kweli. Sauli Daudi hakumwua. Mara mbili alimpata mikononi mwake akamwacha. Lakini damu ilikuwapo mikononi mwa Daudi, damu ya Uria. Mkosoaji alikuwa amekosea nyumba tu, na mwenyewe Daudi aliujua mlango uliostahili kubishwa. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Mtu hukushutumu kwa jambo ambalo hukulifanya, nawe huruka kwa haki kabisa, huku moyoni unajua liko jingine lililo jirani na hilo. Mhazini hakuiba hata senti moja; lakini ni kweli hajaandika kitabu cha mapato tangu Kwaresima.

Tena Biblia haifichi mambo. Msiokuwa na haraka someni 1 Wafalme 2:8–9. Mzee Daudi yu kitandani mwa kufa, na bado anamkumbuka Shimei, naye anamwachia Sulemani mtoto wake kazi ya kumlipa. Uvumilivu ule wa barabarani ulikuwa umefunika kidonda bila kukitibu. Nayaandika haya kwa kuwa wako wengi wetu wanaosema "Nimemsamehe aliyenisema" na huku wamelihifadhi neno lile kwa miaka ishirini, wakisubiri siku.

Huenda mtu akasema, hao ni wafalme wa zamani. Basi nitoe mfano wa kwetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walisema pia kwamba wanatakiwa wajinyime wakati viongozi wanalipwa mishahara minono. Mwalimu Nyerere alighadhibika. Akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Lakini lile neno la mishahara hakulirudisha nao. Alilishika, akasema kweli mishahara ni mikubwa, na pale pale akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi, na mwaka huo huo wengi wa wanafunzi wale wakarudishwa chuoni.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati ule, nimeyasoma tu baadaye, nami sijaacha kuyafikiria. Alilisikia neno hata katikati ya hasira, na alianza na mfuko wake mwenyewe. Ni viongozi wangapi wafanyao hivyo? Hata hivyo waliolileta neno walifungishwa virago. Naona hapo nusu ya somo imefanywa vema sana, na nusu nyingine imeachwa. Na mtu yule yule, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri waziwazi kwamba ilikuwa makosa kuziondoa serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972, na kuvivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Sheria za kuvirudisha vyote viwili zilikuwa zimepitishwa mwaka 1982. Watu waliolima kahawa na pamba walikuwa wameliona kosa hilo mapema zaidi. Neno lililo kweli huweza kusafiri miaka mingi kabla ya kufika juu, hasa mahali ambapo walionena wa kwanza walirudishwa makwao.

Je, kila neno la kukosoa lapasa kukubaliwa? Hasha. Yako masengenyo, yako maneno ya wivu, ziko barua zisizo na jina zitupwazo chini ya mlango wa padri. Mtu akiyakubali yote atakuwa kama bendera, na kazi itasimama. Mimi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mfano, kama yule binti: lini, wapi, nilifanya nini? Mwenye neno la kweli aghalabu anao mfano, na mwenye wivu hutapatapa. Ya pili ni kulipeleka neno kwa mtu mmoja anipendaye asiyeniogopa. Kwangu mimi ni mke wangu. Humwuliza, "Eti wanasema mimi nina dharau mikutanoni, ni kweli?" Akicheka na kusema "Nani kakuambia hayo?" napata nafuu. Akinyamaza na kuendelea kuchambua mchele, najua ni kweli. Na kama watu watatu wasiojuana wamekuambia jambo moja, usiwatafutie njama.

Hapo hapo niseme juu ya Apolo, ijapokuwa kwa ufupi. Alikuwa msemaji hodari na mwenye elimu ya Maandiko, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, watu wa kushona mahema, walimsikia akihubiri katika sinagogi kule Efeso. Hawakusimama mle ndani kumkosoa mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi. Maandiko hayatuambii Apolo alijibu nini. Yatuambia tu kwamba baada ya hapo ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, akaenda Akaya, akawafaa sana waamini wa huko. Mara nyingi jibu bora la mtu aliyesahihishwa halimo katika mazungumzo yale kabisa. Limo katika kazi ya mwezi unaofuata. Nawaomba mwone pia kwamba mwenye elimu alifundishwa na mafundi, na mwanamke mmoja akiwa miongoni mwao.

Ukikubali neno, fanya jambo moja, si kumi. Aliyeambiwa makosa saba na akaahidi kuyaondoa yote Jumatatu, Ijumaa anayo yote saba na la nane la kukata tamaa. Chagua moja, liandike, utaje na siku. Kisha rudi kwa yule aliyekukosoa umwambie: uliniambia hivi, nami nimefanya hivi. Watu wengi hawalifanyi hili kwa sababu laonekana kama kujishusha mara ya pili. Lakini mtu aliyekuambia ukweli naye hakulala vizuri usiku ule. Alifikiri amepoteza rafiki.

Kwa vikundi vya mtaa na Umoja wa Akina Mama, nawaombeni mzungumze maswali haya kabla ya kikao kijacho. Katika majibu manne ya Sauli, ni lipi lililo rahisi kwako? Je, liko neno uliloambiwa zamani, ukalikataa kwa sababu ya aliyelisema, na sasa waona lilikuwa kweli? Na katika mtaa wetu, mtu akiwa na neno juu ya mzee wa kanisa, juu ya kwaya au juu ya padri, iko njia gani ya kulisema bila kusimama mlangoni na kupaza sauti? Hilo la mwisho mlijibu kwa majina ya watu na siku, si kwa kusema tu kwamba milango iko wazi.

Ninawadai mwisho wa kisa changu.

Mwezi wa Novemba mwaka ule mwalimu mwenzangu, mzee aliyekaribia kustaafu, alishika darasa langu siku mbili nilipokuwa na homa. Niliporudi akaniuliza, "Yule wa dirishani ana masikio?" Akaniambia alikuwa amesimama nyuma ya mtoto akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida, mtoto asigeuke. Akamwita mara ya pili kwa nguvu, akageuka upande usiokuwa na mtu. Tena alikuwa ameona usaha uliokauka sikioni mwake. Dalili zote nilizozitaja mwanzoni, za kujibu swali jingine na kutazama kitabu cha mwenzake, nilikuwa nimezitazama mwaka mzima na kuziita ukaidi.

Nilitaka kumbadilishia mtoto kiti siku ile ile, lakini hakuwapo. Alikuwa ameacha kuja shule majuma mawili yaliyopita, nami katika kitabu cha mahudhurio nilikuwa nimemwandika mtoro.

Jumamosi nikaenda kwao. Njiani nilitunga maneno mengi, na mengi yake, nakiri, yalikuwa ya kujieleza: watoto 64, madawati machache, na kwamba kama angepitia ofisini. Nikamkuta mama anaosha mchele wa vitumbua. Nikasema, "Shikamoo, mama." Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile mlangoni, ingawa alikuwa amenizidi umri kwa mbali, sikumwamkia. Akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia kwamba alisema kweli, mtoto hasikii, na mimi nimemchapa kwa ugonjwa. Maneno mengine yote niliyoyatunga niliyaacha.

Akaendelea kuosha mchele. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwalimu, mimi nilikuja shuleni mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikaa pale barazani mpaka kengele ya mwisho ikalia. Ulipita mbele yangu, ukaniambia siku hiyo hununui."

Mtoto alikuwa amepelekwa kwa babu yake. Alirudi Januari, akatibiwa katika zahanati, ingawa sikio la kushoto halikupona kabisa. Nilimkalisha dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia lielekee kwangu.